Safu ya Mnyama

Mimi si mtu wa paka. Nililisema hilo waziwazi kwa mwenye bucha, siku ileile niliyomwomba aniazime wa kwake, naye akacheka mpaka akaweka kisu chini.

"Paka naye huazimwa, mama? Kwani ni ngazi?"

"Kila Jumatano," nikamwambia. "Saa kumi kasorobo unamleta juu, saa kumi na moja na robo unakuja kumchukua. Mimi nitakushonea aproni mpya, maana hizo unazovaa zinatia aibu mtaa mzima."

Akaziangalia. Moja ilikuwa imefungwa kwa kamba ya viatu. Tukapeana mikono juu ya kaunta, wake una damu, wangu una chaki ya kuchoria nguo.

Chanzo cha yote kilikuwa karatasi iliyobandikwa kwenye ukuta wa bucha, kati ya bei ya maini na tangazo la mtu aliyepoteza funguo. Iliandikwa kwa mkono, herufi zimesimama wima: Je, unaishi na mnyama? Sisi ni kikundi cha wanafunzi tunaosoma maisha ya watu na wanyama pamoja. Tunatafuta washiriki wanane. Mwanafunzi mmoja atakutembelea nyumbani kwa saa moja, kila Jumatano, kwa wiki nane. Ningeweza kusema nilivutiwa na elimu, lakini huo ungekuwa uongo mtupu. Niliona neno "atakutembelea", nikalisoma tena, na nyama yangu nikaisahau kwenye mizani.

Ninakaa ghorofa ya pili juu ya bucha hilo, chumba kimoja cha kulala na sebule niliyoigeuza kuwa ya kazi. Nashona sare za shule. Zamani nilikuwa na mafundi watatu chini yangu, na kelele zao na visingizio vyao. Sasa nimebaki na cherehani moja. Wateja huleta vitambaa kwa mafungu na kuvifuata kwa mafungu, wanasimama mlangoni mguu mmoja ndani, mwingine nje. Mume wangu ana miaka sita kaburini. Mwanangu yuko mbali, hupiga simu Jumapili ya kwanza ya mwezi. Ananiuliza hali, namwambia sijambo. Ananiuliza miguu, namwambia miguu ipo. Baada ya hapo tunasikilizana tukipumua mpaka mmoja wetu apate kisingizio. Simlaumu hata kidogo, kwa sababu kuficha shida nilimfundisha mwenyewe.

Niseme ukweli, nimechoka kuuzungusha: nilikuwa mpweke. Sikuwa nalia wala kuugua. Nilikuwa nachemsha chai saa tisa alasiri, naimwaga saa kumi na mbili, na duniani kote hapakuwa na mtu wa kujua kama niliinywa au sikuinywa.

Jumatano ya kwanza mwenye bucha alipanda ngazi na kikapu. Paka wake ni dume kubwa la rangi ya majivu, sikio moja limetoboka, na anaitwa Meneja kwa sababu kutwa hukaa kwenye kaunta akiwakagua watu. Alipotolewa kikapuni alizunguka sebule mara moja, akanusa mguu wa cherehani, kisha akakaa akiutazama mlango.

"Jifanye umezaliwa hapa," nikamwambia. Akanipa mgongo.

Binti alibisha hodi saa kumi kamili. Alikuwa mwembamba, mfuko wa kitambaa begani, na kosi la blauzi yake limeshonwa ovyo kiasi kwamba mikono ilinichonyota kutaka kulifumua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na bibi ni nani hapa? Mama inatosha."

"Samahani, mama."

Akanieleza masharti, akiyasoma kwenye karatasi ingawa ilikuwa wazi anayajua kichwani. Yeye ni mwangalizi. Ndani ya ile saa moja haongei, haulizi, hajibu, wala hamgusi mnyama. Akiongea atakuwa ameingia kati yangu na paka, na kazi yote itaharibika. Mimi niendelee na shughuli zangu kama vile hayupo. Akinyanyua kalamu, saa imeanza. Saa ikiisha anaruhusiwa kuongea tena kama watu wengine.

"Na chai nayo imekatazwa?"

Akafikiri kwa makini, kama aliyeulizwa swali la mtihani. "Chai haijaandikwa, mama."

Akakaa kwenye kiti cha kona, akanyanyua kalamu, akawa bubu.

Fomu yake ilikuwa na safu tatu: Muda, Mnyama, Mtu. Nilichungulia nilipokuwa nampelekea kikombe. Kwenye safu ya Mtu, mstari wa mwisho ulisomeka: 10:07, anachungulia karatasi. Nikarudi kwenye cherehani yangu mkia nimeufyata.

Mwanzoni nilipandwa na hasira. Sijazoea kutazamwa kama maziwa yaliyo jikoni. Nikaamua kumwonyesha mambo, nikamgeukia paka na kumuuliza kashindaje, naye akapiga miayo. Nikamuuliza kama ana njaa. Hakunitazama hata kwa bahati mbaya. Sasa mtu mwenye akili zake ataongea na kisogo cha paka mpaka lini? Nikajikuta namweleza yule binti jinsi marinda yanavyopangwa, kwamba ukilikosea la kwanza umeyakosea yote, na kwamba wazazi wa siku hizi wanataka sketi ya miaka mitatu kwa kitambaa cha mwaka mmoja. Kalamu ilikuwa inatembea. Nikikata uzi, inatembea. Nikivaa miwani, inatembea. Nikanyamaza makusudi nione, ikatembea pia.

Hisia niliyoipata sikuitarajia. Kumbe kuna raha katika kuandikwa. Mtu umekaa, unatafuta pini, na kuna kiumbe mwenzako anayeona kwamba jambo hilo limetokea na lilitokea saa ngapi.

Saa kumi na moja kamili niliinuka, nikamfungulia mlango. "Haya, Jumatano ijayo." Nilifanya hivyo kila wiki, na nilifanya kusudi. Kuna watu wazima wanaomng'ang'ania mgeni mlangoni, kaa kidogo, unakimbilia wapi, mpaka mgeni anaona taabu kurudi tena. Niliapa sitafika huko. Nilitaka aone kwamba nina kazi zangu na maisha yangu, na kwamba akija sawa, asipokuja sawa.

Haikuwa sawa. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa natunza habari. Jambo likitokea Alhamisi, kwa mfano yule mama aliyeleta watoto pacha na kunipimisha mmoja tu, silisemi kwa mtu, naliweka mpaka Jumatano. Nilimweleza binti habari za mume wangu, ambaye hakujua kupiga mluzi maisha yake yote na alijaribu kila asubuhi akinyoa ndevu. Nilimweleza namna ya kumpima mtoto asiyetulia: unampa utepe ashike yeye, umwambie anakupima wewe. Hapo nilimwona amekaza midomo ili asicheke, lakini macho yakamsaliti. Siku hiyo nilishinda natabasamu peke yangu kama mwehu.

Mwenye bucha alikuwa ameshanigundua. "Mama, Jumatano unavaa gauni la kutokea," akaniambia akimwingiza paka kikapuni. "Meneja hajali mavazi, mimi namjua."

"Funga mdomo, nikupunguzie mfuko wa aproni."

Wiki ya sita alifiwa na shemeji yake, akafunga bucha tangu asubuhi na kuondoka. Mimi sikujua. Nilishuka saa kumi kasorobo kuulizia, nikakuta kufuli, na nyuma ya kioo cha dirisha amekaa Meneja, ananitazama kama ninayetaka kukopa. Nikagonga kioo. Nikamwita. Sijui nilitegemea nini. Nikapanda ngazi mbiombio, na kabla sijatuliza pumzi, hodi.

"Paka ametoka kidogo," nikasema mlangoni. "Si unajua paka walivyo."

Binti alinitazama. Alikuwa amepita chini palepale, mbele ya lile dirisha. Nilingoja aseme kitu, maana mlangoni alikuwa bado na ruhusa. Badala yake aliingia, akakaa kwenye kiti chake cha kona, akanyanyua kalamu.

Sikuwa na mnyama wa kusingizia siku hiyo. Tulikuwa wawili tu na cherehani. Nilianza kushona kola, nikaiharibu, nikaifumua. Kisha nikaanza kuuliza. Nilijua hajibu, na nikauliza hivyohivyo: kama ana ndugu, kama mama yake humpigia simu, kama huko anakokaa kuna mtu wa kula naye. Kila swali nililiachia nafasi yake, kama vile unavyomwachia mtu nafasi kwenye benchi. Kalamu haikupata kutembea namna ile tangu tuanze. Nikajiambia anaandika kwamba mimi ni mzee mdadisi, na huenda Jumatano ijayo haji. Kengele ya saa yangu ya ukutani haijamaliza kulia nilikuwa nimeshaushika mlango. Alichelewa kuinuka. Alifungua kinywa. "Haya, Jumatano ijayo," nikasema haraka, nisije nikasikia anaaga moja kwa moja.

Lakini alirudi wiki ya saba, na Meneja akawepo, na wiki ya nane vilevile. Siku hiyo ya nane, akiwa mlangoni, alinipa kadi ya mwaliko. Jumamosi saa nane mchana kikundi kitakuwa na maonyesho kwenye ukumbi wa chuo, washiriki waje na wanyama wao.

"Na Jumatano?" nikauliza, kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichokitaka.

"Tumemaliza, mama. Zilikuwa wiki nane."

"Afadhali," nikasema. "Nina sare arobaini zinaningoja."

Nilifunga mlango, nikakaa kwenye kiti chake. Niliogopa. Sijui neno jingine. Niliiona Jumatano inayofuata ikija, saa kumi yake, na mimi nimekaa hapo na habari za wiki nzima mdomoni. Nikakata shauri palepale: nitamwendea mlezi wa kikundi, mwalimu aliyeweka sahihi kwenye kadi, nimwombe aongeze wiki nane nyingine. Nitasema paka amemzoea binti na sasa hali chakula. Chochote. Ili mradi uongo wangu usifumuke kabla ya Jumamosi jioni.

Paka alikuwa hakubali kubebwa na mimi. Kwa hiyo mwenye bucha ilibidi aje.

"Wewe ni mdogo wangu," nilimwambia njiani. "Umenisaidia kubeba kikapu tu. Ukiulizwa, unajua nini kuhusu paka?"

"Sijui kitu."

"Rudia."

"Mama, sijui kitu! Mimi ni bubu kama binti yako."

Ukumbi ulikuwa mkubwa, viti vya plastiki, vijana wenye fulana zinazofanana wakikimbia huku na huku. Karibu na mlango kulikuwa na meza ambapo kila mgeni alitakiwa aweke kitu chake kimoja kilichotokana na mnyama. Watu walikuwa wanavua mikanda na kutazama chini ya viatu vyao kwa mshangao. Kijana mmoja alishika kifungo cha koti langu, akaniambia hicho ni plastiki. Nikamwambia mwanangu, hicho ni pembe, na uzi uliokishika umepakwa nta ya nyuki, na mimi nilikishona kabla mama yako hajaolewa. Akakiandika. Ukutani kulikuwa na orodha ya ndege waliokufa kwa kujigonga kwenye madirisha ya maktaba, kila ndege na tarehe yake, na kijana aliyeiandika alisimama pembeni na uso wa mfiwa. Kulikuwa na mlinzi na mbwa wake, wote wawili wamesinzia. Muuza mayai alikuja na kuku amempakata kama mjukuu.

Binti yangu nilimwona upande wa pili wa ukumbi. Tazama ninavyosema, binti yangu. Alikuwa anabandika fomu ukutani kwa pini, peke yake. Vijana wenzake walikuwa makundi makundi wakicheka, na wakimpita walimpita kama wanavyopita kabati.

Mlezi wa kikundi alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Nilimsalimu, nikamsifia ukumbi, nikampaka mafuta mpaka mimi mwenyewe nikateleza. Kisha nikatoa ombi langu. Wiki nane nyingine. Paka amemzoea sana mwangalizi.

"Ndiye huyu?" akauliza.

Meneja alikuwa ametoka kikapuni. Alikuwa amempanda mwenye bucha begani, anamlamba sikio, anaguruma kwa raha hadi unamsikia.

"Anampenda sana mdogo wako," mlezi akasema.

"Huyu?" Mwenye bucha akavimba kifua. "Mwalimu, huyu nimemlea mwenyewe kwa kijiko tangu hajafumbua macho! Analala kwenye—"

Nilimkanyaga mguu. Nilikuwa nimechelewa. Ulimi wa mtu yule hauna breki. Akatazama dari, na kwa mara ya kwanza nilimwona mwenye bucha mwekundu kuliko bidhaa yake.

Mlezi hakugomba, na laiti angegomba. Alivaa miwani, akaenda kwenye ukuta ambapo binti alikuwa amemaliza kubandika fomu zetu nane, akaanza kusoma ya kwanza. Nilimfuata kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Nikasoma juu ya bega lake. Paka anatazama mlango, dakika thelathini na nane. Hakuna bakuli la maji. Hakuna manyoya kwenye kiti cheusi. Mtu anamwita paka kwa sauti ya kumwita mteja. Na chini kabisa, kwa herufi zilezile za wima: Paka si wa hapa.

Wiki ya kwanza! Nilijiona mwerevu wiki nane nzima mbele ya mtu aliyenijua tangu chai ya kwanza.

"Ulijua," mlezi akamwambia binti. "Kwa nini uliendelea?"

Binti aliangalia viatu vyake. "Fomu haina safu ya kuandika mnyama ni wa nani."

"Na hii?" Mlezi aliweka kidole kwenye karatasi ya majumlisho. Mtu anaongea na mnyama: mara kumi na tisa. Mtu anaongea na mwangalizi: mara mia tano na arobaini na mbili. Nyuma yangu mtu alicheka, wala hakukusudia ubaya. Masikio yaliniwaka moto. Mtu anaweza kujua kwamba yu mpweke, na akavumilia; kuuona upweke huo umejumlishwa na kubandikwa ukutani ni jambo jingine.

"Basi hapa hatuna tunachoweza kutumia," mlezi akasema kwa upole. "Pole, mama. Si kosa kubwa. Ila wiki haziwezi kuongezwa." Akamgusa binti begani, akaenda kwa mwenye kuku.

Niliomba ardhi ipasuke, haikupasuka. Ili nisikutane na macho ya mtu niliendelea kusoma ukuta. Ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Nikafika ya sita, siku ambayo hapakuwa na paka, nikategemea safu ya Mnyama iwe tupu.

Haikuwa tupu. Ilijaa juu mpaka chini.

Paka yuko dirishani kwenye bucha, iliandikwa mstari wa kwanza. Chumbani kuna mmoja, ameketi kona. Amepewa chai, sukari nyingi, ameimaliza.

10:14, ameulizwa kama ana ndugu. Anataka kujibu. Hajibu.

10:23, ameulizwa kama mama yake hupiga simu. Anataka kujibu. Anatazama saa.

10:31, ameulizwa anakula na nani. Kalamu inateleza, anaikamata tena.

10:40, cherehani inalia. Ametulia.

10:52, anahesabu dakika zilizobaki ili aongee.

11:00, saa imekwisha. Ameruhusiwa.

Na kwenye safu ya tatu, mbele ya mstari huo wa mwisho: Mtu anafungua mlango.

Nilirudi kwenye fomu ya kwanza. Nikaenda ya pili. Zote nane ziliishia mahali pamoja, kwa saa ileile na maneno yaleyale. Mtu anafungua mlango. Mtu anafungua mlango. Nilikuwa nimejishona mwenyewe nje.

Sijui nilisimama pale muda gani. Watu walianza kuondoka, mbwa akaamshwa, kuku akafungiwa kwenye kikapu. Mwenye bucha alikuja, kofia mkononi. "Mama, huu ulimi wangu utaniua," akasema, nami nikamwambia aende zake nyumbani, sina kinyongo naye. Akaondoka na Meneja begani.

Binti alikuwa anapanga viti kimoja juu ya kingine. Nilimwendea.

"Muhula ujao unarudi?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Nimemaliza masomo. Jumatatu nasafiri, nimepata nafasi kwenye shamba la ng'ombe. Ni mbali." Akapachika kiti kingine. "Mkataba ni wa miaka miwili."

Iliniuma. Nasema iliniuma kama vile mtu amechukua kitu changu, na sikuwahi kuwa nacho. Maneno ya kuagia yalinijia yenyewe, ndiyo ninayoyajua. Haya, safari njema, ukafanikiwe huko, mimi nina sare arobaini. Mguu mmoja ulikuwa umeshageukia mlangoni.

Nikanyoosha mkono, nikashusha kiti kutoka kwenye rundo lake, nikakaa. Nikashusha cha pili.

"Nimesoma ya sita," nikasema.

Akakaa, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kalamu ya kushika.

"Mimi sijui kuanza, mama," akasema. "Kuongea. Watu wakikutana wanaanza tu, sijui wanapataje neno la kwanza. Ndiyo maana nilijiunga na wanyama, kwao si lazima uanze." Akanyamaza, nami nikauma ulimi wangu usimsaidie. "Wewe ulikuwa unaanza. Nikawa nasema, saa ikifika nitaendelea ulipoachia. Saa ikifika unainuka. Nikadhani umechoka kutazamwa."

"Sikuchoka," nikamwambia. "Nilikuwa najivuna."

Alitabasamu kidogo. Kisha akaanza kueleza. Chumba chake cha bweni kina vitanda viwili, na mwenzake alihama mwezi wa kwanza bila kugombana naye, alihama tu. Chuoni watu humsifia daftari lake na kumrudishia. Ana babu mmoja, kiziwi, ambaye yeye humwandikia barua ndefu asizojua kama huzisoma. Alikuwa anaongea taratibu, anarudi nyuma, anasahihisha siku na saa, kama anayeogopa kuweka jambo kwenye mstari usio wake. Nilisikiliza kwa mwili mzima. Nilikuwa na mia tano arobaini na mbili zangu, na yeye alikuwa ndiyo kwanza yuko kwenye kumi.

Msimamizi wa ukumbi alitokea mlangoni na rundo la funguo. Alizima taa za upande wa jukwaa, akasimama, akakohoa.

"Tunafunga jamani."

Binti akakatisha neno katikati. Hakumtazama msimamizi, alinitazama mimi. Alikuwa anaangalia miguu yangu, aone kama inainuka.

"Endelea," nikamwambia, na nikavua viatu.